Kinamasi huuawa kutokea kiwanja cha jirani

Nimerudi kwenye mkutano wa wananchi kuhusu mradi wa nyumba kando ya kinamasi, na moyo haujatulia. Mwenye mradi alitundika ramani akatuonyesha kwa kidole: mpaka wetu huu hapa, kinamasi kile pale, hakuna nyumba itakayokigusa. Wengi wakaridhika. Ramani yenyewe haikuwa na uongo. Linaloniumiza ni kwamba maji hayaujui mpaka ule.

Ardhi yenye majani hunywa mvua polepole. Maji huzama, yakapita chini kwa chini na kukifikia kinamasi baada ya siku nyingi, pengine miezi. Ikishafunikwa kwa zege na lami, mvua ileile hufika kwa dakika chache, imebeba oili ya magari na udongo wa misingi iliyochimbwa. Tope hilo laini likitua juu ya mayai ya samaki huyakosesha hewa. Kiangazi nacho kikiingia, chemchemi hazina cha kutoa, kwa kuwa hakuna kilichozama. Ongeza hapo visima virefu vya mtaa mpya. Hakuna lori lililomwaga kifusi, na kinamasi kimekufa.

Baada ya mkutano nilipita ukingoni nikachoma kijiti kwenye tope. Juu ni la kahawia. Vidole viwili chini ni jeusi tii, linanuka yai viza. Wengi huichukia harufu ile. Mimi naipenda, maana ni dalili kuwa kule chini hakuna oksijeni, na ni huko bakteria wanakoigeuza naitreti ya mbolea na majitaka kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi hewani bila madhara. Miji hulipa fedha nyingi kujenga mitambo ya kazi hiyo. Kampala, kinamasi cha Nakivubo kimepokea majitaka ya jiji kwa miongo mingi kabla hayajaingia Ziwa Victoria.

Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu kama vinamasi, ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1971. Hata hivyo, kati ya 1970 na 2015 ardhioevu za asili zilipungua kwa takriban asilimia 35 katika maeneo yenye takwimu. Naamini sababu mojawapo ni kwamba tunalinda bonde lenye maji tukausahau mteremko unaolilisha.

Kesho naandika maoni yangu. Sitaomba mradi ufutwe, watu wanahitaji pa kuishi. Nitaomba ukanda mpana wa uoto wa asili uachwe kati ya nyumba na matete, mabwawa ya kutuamisha tope yachimbwe kabla tingatinga halijaanza kusafisha viwanja, na kina cha maji ya ardhini kipimwe misimu yote kabla ya kibali kutolewa. Hili la mwisho walilipita haraka mno leo: vipimo walivyotusomea vilichukuliwa msimu wa mvua peke yake, wakati kila kisima kimejaa.