Mlango wa LAT1, na vitu vinavyouziba
Leo asubuhi nilikuwa stage pale Ngara, matatu imejaa na makanga hataki kupandisha mtu mpaka mwingine ashuke, nikakumbuka LAT1. Ni protini iko kwa utando wa nje wa seli na inafanya hivyo hivyo, haiingizi amino asidi (vipande vya kujengea protini) kama lusini bila kutoa ingine nje, moja ndani moja nje. Seli nyingi za saratani zinaweka hii milango mingi kwa sababu zinakua haraka, na lusini ikishaingia inaamsha mTORC1, ile mashine inaambia seli ikue.

Sasa ukiziba mlango? BCH ndiyo kemikali ya kitambo ya kuuziba, umbo lake linafanana na amino asidi so inashindania nafasi na lusini, lakini ni dhaifu, inabidi uweke nyingi, na haichagui, inaziba hadi LAT2, mlango mwingine unaofanana na huu. JPH203, dawa ya majaribio, ndiyo inanifurahisha kabisa, inashika LAT1 na kuiacha LAT2, yenyewe haipitishwi ndani, inakwama tu hapo mlangoni. Ilishajaribiwa kwa wagonjwa Japani, saratani ya mirija ya nyongo.

Halafu kuna sulfasalazini, ile dawa ya viungo shosho yangu anameza kila siku. Kwa maabara inaziba xCT, mlango wa sistini, amino asidi ingine, na sistini ikikosekana glutathioni, kinga ya seli, inaisha, kuna seli zinakufa kwa feroptosisi, yaani mafuta ya utando wake yanaoza kwa sababu ya madini ya chuma. Nilimwelezea shosho hiyo story yote na akanisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa.