Kuchuma si Kukata Mti

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiliandika neno uchumi bila kusimama kulitazama. Asili yake ni kitenzi kuchuma, tunachokitumia kwa matunda, maua na majani, na vilevile kwa faida anayoipata mtu kutokana na jasho lake. Anayechuma huuacha mti umesimama, kwa kuwa anakusudia kuurudia msimu ujao. Akiuangusha ili ayafikie matunda ya juu, hatutasema amechuma, tutasema amekata mti. Hata hivyo, hesabu tunazoziita za uchumi hazitofautishi matendo hayo mawili. Msitu ukifyekwa wote na magogo yakauzwa, pato la taifa la mwaka huo hupanda, na hakuna popote katika tarakimu hiyo palipoandikwa kwamba msitu wenyewe haupo tena. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukadiria pato la taifa la Marekani, aliliambia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ni vigumu kuujua ustawi wa taifa kwa kutazama kipimo cha pato lake. Onyo lilikuwa ndani ya ripoti ileile iliyoleta tarakimu. Tarakimu zikachukuliwa, onyo likaachwa palepale.

Neno rasilimali nalo lina mambo yake. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mtaji, yaani kichwa cha mali. Nilipoanza kulichunguza nilidhani nitalishutumu, maana mto ukishaitwa mtaji ni kama umeshawekwa sokoni. Lakini kila mchuuzi anajua kwamba mtaji hauliwi, na kwamba aliyekula mtaji, hata akionekana ameshiba mwezi huu, biashara yake imekwisha. Lugha imetuwekea tahadhari ndani ya maneno haya mawili, nasi tumeyageuza kuwa msamiati wa ripoti tu.

Neno ninaloliogopa zaidi ni «ardhi tupu», pamoja na ndugu yake mwenye adabu, «ardhi isiyotumika». Malisho yaliyopumzishwa, shamba lililolazwa ili lirudishe rutuba, msitu unaotoa dawa na asali, vyote huonekana vitupu kwa mtu anayepita na ramani mkononi. Australia ilitawaliwa kwa zaidi ya karne mbili kwa hoja kwamba, kwa macho ya sheria, ilikuwa nchi isiyo na mwenyewe, ingawa watu walikuwa wakiishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliitupa hoja hiyo tarehe 3 Juni 1992, katika shauri la kudai ardhi lililofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake, wenyeji wa kisiwa cha Mer. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki mwezi Januari mwaka huohuo, miezi michache kabla ya hukumu.

Wapo wanaosema kwamba ardhi ya pamoja ndiyo inayoharibika, kwa sababu kila mtu ataongeza mifugo mpaka nyasi ziishe. Mwanaikolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliieneza sana hoja hiyo mwaka 1968. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha kwamba mambo hayaendi hivyo kila mahali. Miongoni mwa mifano yake ni kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi, ambako kanuni ya mwaka 1517 ilikataza mwanakijiji kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Naipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu haihitaji mtaalamu wa kuifasiri: nyasi unazoweza kuzihifadhi kwako ndizo zinazoamua haki yako mlimani, na jirani yeyote anaweza kuhesabu.

Linganisha na hesabu tunayoitumia leo kuupima wakati ujao. Katika kutathmini miradi, gharama za baadaye hupunguzwa kwa asilimia fulani kila mwaka ili zilinganishwe na za leo. Kwa asilimia 5, hasara ya milioni moja itakayowapata watu baada ya miaka 100 huandikwa leo kama 7,600 hivi. Kwa asilimia 1.4, ambayo ndiyo iliyotumiwa katika tathmini ya mchumi Mwingereza Nicholas Stern kuhusu tabianchi mwaka 2006, hasara hiyohiyo huwa karibu 249,000. Tofauti hiyo yote imeletwa na tarakimu moja ambayo wasomaji wengi wa ripoti hawataiona, nayo kwa kweli ni jibu la swali la kimaadili: mjukuu wa mjukuu wangu ana uzito gani kwangu?

Sidai kwamba kubadilisha maneno kunatosha. New Zealand iliutambua mto Whanganui kuwa nafsi ya kisheria mwaka 2017, ukiwa na watu wawili wa kuusemea, na wenyeji Wamaori wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba wao ni mto na mto ni wao. Hata hivyo, maji ya vijito vyake vya juu yanaendelea kuelekezwa kwingine ili kuzalisha umeme. Neno jipya huanza kuuma linapoingia katika hesabu, na hapo mwendo ni wa kobe. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa, katika toleo lililopitishwa Machi 2025, sasa unataka kupungua kwa maliasili kuandikwe kuwa gharama ya uzalishaji. Gharama hiyo, lakini, itaonekana katika pato halisi tu, baada ya makato. Pato ghafi limebaki vilevile, nalo ndilo linaloendelea kusomwa kwenye taarifa ya habari.