Hajasaini bado

Leo mchana, katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, rubani kijana amefungua mkataba wake wa kazi mezani. Chai imepoa bila kuguswa.

Ana leseni ya kibiashara, saa 200 na kidogo za kuruka. Leseni ya juu kabisa inadai saa 1,500, kwa hiyo anatafuta saa kwa bei yoyote. Hapo ndipo anapobanwa.

Anayemwajiri si shirika la ndege, ni wakala wa nchi nyingine. Ameandikwa "mkandarasi". Likizo ya malipo hakuna, pensheni hakuna, na chama cha marubani hapa nyumbani kitaketi na nani kumtetea?

Kifungu kilichoniuma zaidi: atalipwa saa za bloku tu, yaani tangu ndege ianze kusogea kwenda kuruka hadi isimame kwenye maegesho. Kuikagua alfajiri, kuhesabu mafuta, kusubiri ukungu uondoke, hayo yote ni bure!

Kisha bondi. Akiacha kazi kabla ya miaka 3, anarudisha gharama za mafunzo ya aina ya ndege atakayorusha.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nimemwomba asubiri hadi Jumatatu.

Marubani wenzangu, ni kifungu gani mlikikataa kikafutwa kweli? Andikeni hapa, anasoma.