Kitambaa cha garba: wachezaji wasimame, wasilale

Kitambaa chenye picha za wanawake wanaocheza garba (ngoma ya duara) na vijiti vya dandiya (ngoma ya kugonganisha vijiti) asili yake ni Gujarat, India, kwa ajili ya Navratri, sikukuu ya usiku tisa. Ukikipata sokoni Darajani, Zanzibar, kigeuze kwanza uangalie vioo vidogo vya mapambo. Kioo kilichoshonwa kwa mkono kina nyuzi zinazokipitia juu kwa msalaba, kisha mshono unaozunguka ukingo; nyuma utaziona. Cha gundi hakina kitu nyuma, na joto la pasi hukibandua.

Kazi kubwa ni kukata. Wachezaji wana kichwa na miguu, kwa hiyo sketi ya mwamvuli haiwafai kabisa: mbele wanasimama, ubavuni wanalala. Mara nyingi wamepangwa kufuata ukingo wa gora. Basi geuza kitambaa ubavu, ukingo uwe pindo la chini. Mita 4 zinatoa mzunguko wa mita 4, na upana wa sentimita 112 unatosha urefu wa sketi na kukunja kiunoni. Juu vuta marinda. Bitana iwe ya pamba, maana nyuzi za nyuma hukwaruza ngozi.

Cherehani ikipita juu ya kioo sindano inavunjika. Fumua vioo vilivyo kwenye njia ya mshono, shona, kisha virudishe kwa mkono.

Kabla ya kufua, sugua uzi mwekundu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ukiacha rangi, usikiroweke hata dakika moja; maji baridi, haraka, na uanike kivulini. Pasi ipite nyuma, juu ya taulo.