Tiba ya kusogeza macho iliyonirudisha ziwani

Nilikuwa nanunua dagaa kwenye mialo ya kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, na kuwauza soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Usiku mmoja dhoruba ilitupindua tukiwa kwenye mtumbwi wa injini. Wavuvi waliniokoa. Binti wa jirani, niliyekuwa nimemshika mkono, hawakumwahi.

Tangu hapo harufu ya petroli tu ilitosha kunitetemesha. Bodaboda ikinguruma nje usiku, naamka nimelowa jasho. Nikaacha dagaa, nikahamia kuuza nyanya Igoma, mbali na maji. Watu waliniombea, na sala zilinibeba kweli. Lakini huku kwetu, tangu meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 hadi kivuko cha MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018, tumezoea kuzika, kumaliza matanga na kuambiana tupige moyo konde. Aliyenusurika haulizwi analalaje. Hilo linaniuma hadi leo.

Aliyenisaidia ni mwanasaikolojia, mama wa makamo, aliyesomea tiba ya kusogeza macho iitwayo EMDR. Chanzo chake ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1987, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wenye msongo unaotokana na kiwewe. Nilimuuliza, "Mama, kusogeza macho kutaniondoleaje haya?" Akanieleza kwamba tukio la kutisha linaweza kukwama akilini, ndiyo maana mwili unaitikia kana kwamba linatokea sasa hivi. Ukilikumbuka huku macho yanafuata kitu kinachotembea, akili inabeba kazi mbili kwa pamoja, na picha inapungua makali. Hakunificha pia kwamba wataalamu bado wanabishana macho yenyewe yanachangia kiasi gani.

Hatukuanza na ziwa. Kwanza alinifundisha kujituliza: kupumua taratibu, kufikiria mahali ninapojisikia salama (nilichagua chini ya mwembe wa bibi), na kupishanisha mikono kifuani nikijigongagonga kwa zamu, kushoto, kulia. Bila hatua hiyo nisingeiweza iliyofuata.

Siku ilipofika akaniambia nichague picha inayouma kuliko zote. Ni mkono wa yule binti ukiteleza. Picha hiyo inakuambia nini juu yako? Kwamba nilimwachia. Ungependa kuamini nini? Kwamba nilifanya nililoweza. Kutoka 0 hadi 10, inauma kiasi gani? Kumi. Unaisikia wapi mwilini? Kooni.

Akanyoosha vidole viwili mbele ya uso wangu, akavipeleka kushoto na kulia, haraka kidogo, nami nikavifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Akasimama. "Vuta pumzi, mwanangu. Sasa kuna nini?" Nikajibu maneno mawili matatu, akaendelea. Hakunidai nisimulie kisa chote, na hilo ndilo lililonipa ujasiri. Baridi ikaja, petroli ikaja, nikalia hadi khanga ikalowa. Kisha likaja jambo nililolijua siku zote lakini sikuwahi kulitazama: wimbi lilipiga katikati yetu. Vidole vyangu havikufunguka kwa hiari yangu. Na mvuvi aliyenivuta alikuwa bado anampigia kelele binti yule ashike kasia.

Haikuisha siku hiyo. Ndoto zilizidi kwanza, kama alivyonionya, kisha zikapungua. Katika vikao vilivyofuata ile namba ikashuka kidogo kidogo, na "nilifanya nililoweza" ikaacha kuwa maneno ya kujifariji tu. Mwishoni akaniongoza nijione nikipanda meli ya Nansio: injini inawaka, moshi unapita puani, nami nimekaa.

Sasa nimerudi kwenye dagaa. Upepo ukichafuka moyo bado unanienda mbio, ila unatulia ninapokanyaga gati. Huzuni haikuondoka, wala sikutaka iondoke. Naweza kukaa na mama yake binti tukamtaja jina, tukakumbuka alivyopenda kuimba, bila mimi kukimbilia nje.

Ukitaka tiba hii, usijifanyie mwenyewe kwa kufuata video za simu. Tafuta aliyesomea, umuulize ataanzaje. Akitaka kuingia kwenye tukio lenyewe siku ya kwanza, kabla hajakufundisha kujituliza, tafuta mwingine.