Nilivyocheza mfu wa baharini kwenye filamu ya wanafunzi hapa Bagamoyo

Watu wengi wanadhani ekstra ni wa kujaza nafasi tu, unasimama nyuma, unapigwa kamera, unakwenda zako. Mimi nimecheza mfu kwenye filamu ya kutisha ya wanafunzi na nawaambieni, anayemtisha mtazamaji mara nyingi sio staa anayepiga kelele kule mbele, ni sisi tunaokuja nyuma yake taratibu bila kusema kitu, na hiyo kazi ina ufundi wake.

Stori ni ya wavuvi waliozama wanarudi pwani alfajiri kudai chao. Mwanzo kwenye skripti walikuwa watumwa wenye minyororo, tukakataa, maana huu mji ndo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, watu walipitishwa hapa kweli na wengine walifia njiani, huwezi kuwageuza mazimwi wa kuburudishia watu. Vijana walisikiliza na nawaheshimu sana kwa hilo. Ikabaki ishu ya sanda. Bibi yangu alivyosikia nakwenda kuvaa sanda aligoma kabisa, akasema "sanda haijaribiwi mjukuu wangu, inavaliwa mara moja." Nikamwambia dairekta aje mwenyewe nyumbani, akaja, akamwamkia shikamoo bibi, akakaa mkekani akaeleza, mwisho bibi mwenyewe ndo akatoa wazo la kaniki, ile nguo nyeusi ya zamani. Na kaniki ikatoka vizuri kuliko walivyopanga, kwenye kiza mwili wote unapotea unaona nyuso tu zinakuja.

Sasa hizo nyuso. Walikuja na poda na damu ya shira ya sukari na rangi ya chakula, ambayo ni nzuri ukiwa nchi kavu, ila ukiingia baharini inaondoka yote halafu inanatanata shingoni. Tukachanganya majivu yaliyochekechwa na mafuta ya mgando, tukapaka usoni na mikononi, maji yakawa yanateleza tu juu yake. Kutoa ndo shughuli, paka mafuta ya nazi kwanza, futa na kitambaa, ndo ushike sabuni.

Kuhusu muda, pwani yetu inatazama mashariki, jua linatokea baharini, kwa hiyo ukitoka majini alfajiri mwanga uko mgongoni kwako na uso unabaki kwenye kivuli, huhitaji taa wala jenereta. Shida ni kwamba huku kwetu kunapambazuka haraka mno, ule mwanga wa bluu unakaa kama dakika 20 hivi basi, na ndani ya hizo dakika lazima mrudie na mrudie. Ndo maana tulilowana wote kabla hata ya kuanza, maana ukianza mkavu, mara ya pili umeshalowa na picha hazitaungana, hiyo ndo wanaita kontinyuiti. Nyayo pia, kila tukirudia tunasogea kwenye mchanga ambao haujakanyagwa.

Walichomeka kijiti mchangani kuonyesha tunapoanzia. Kesho yake saa ileile kijiti kiko chini ya maji, wamesimama wanashangaa. Mtoto wa pwani anajua hii, maji kila siku yanachelewa kama dakika 50, na wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti inaonekana haswa, jana saa hii yalishashuka, leo bado yako juu. Nikamwambia dairekta kaka achana na kijiti, tupime kwa mwili, kila mtu aanze pale maji yanapomfika magotini halafu kamera ndo isogee kutufuata. Wakafanya hivyo na kwenye picha huwezi kujua kama ni siku mbili tofauti.

Kwenye kucheza kwenyewe, mimi nilichagua kitu kimoja tu, bega la kushoto limelegea. Ili nisilisahau nilishika jiwe mkono wa kushoto ndani ya kaniki, uzito wake unavuta bega chini kila mara vilevile, hata nikichoka. Kutembea nilikuwa nahesabu moyoni moja mpaka nne ndo nainua mguu. Macho sikuyapeleka kwenye kamera hata kidogo, niliyaweka kwenye kisogo cha yule dada aliyekuwa anakimbia, na alivyogeuka akaniona nahisi aliogopa kweli maana alinyamaza badala ya kupiga kelele, na dairekta akachukua hiyohiyo.

Kelele zenyewe tulirekodi baadaye chumbani, madirisha yamezibwa magodoro, maana ufukweni maiki inasikia mawimbi na upepo wa kusi tu. Hapo chungeni koo jamani, kunywa maji ya uvuguvugu na upige kelele kutoka tumboni, la sivyo unakaa bila sauti.

Hela haikuwepo na walisema wazi tangu mwanzo. Tulipata nauli, chai ya tangawizi, chapati na maharage, mimi nikaomba na majina yetu yote yaandikwe mwishoni, sio "na wengineo", na yameandikwa. Sasa wanataka kurudi kupiga kipande kingine cha ufukweni, nimewaambia waangalie mwezi kwanza ndo wapange tarehe.