Liyongo wa Karatasi

Kitabu ninachokikata mwezi huu, ili nikigeuze kuwa sanamu ya karatasi ya Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, nilikinunua kando ya Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi, kwa muuzaji ambaye hutandaza vitabu vyake juu ya turubali tangu asubuhi. Ni kitabu cha kiada cha mfumo wa elimu wa 8-4-4 wa Kenya, jalada limebanduka na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. "Dada, hicho hakina mwisho. Nikutafutie kizima?" aliniuliza. Nilimwambia kuwa nilikuwa nikitafuta hicho hicho kisicho na mwisho.

Mama yangu alikuwa mwalimu, na kila Januari alituketisha mezani tuvike vitabu vyetu karatasi za kaki. Kwa sababu hiyo mkono wangu husita hadi leo kabla ya kutia wembe kwenye ukurasa. Nimejiwekea sharti moja tu: sikati kitabu ambacho mtoto bado anaweza kukisomea. Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi katika mfumo huo, ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, vitabu vya mtaala wa zamani vimekuwa vikiuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu, ili viloweshwe, vipondwe na kufinyangwa upya. Sioni kosa hapo. Naamini tu kwamba karatasi iliyowahi kubeba maneno inaweza kupewa kazi nyingine kabla haijarudi kuwa rojo.

Njia za kazi hii ni nyingi. Brian Dettmer wa Marekani huziba kingo za kitabu, kisha hukichimba kutoka juu, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuhamisha wala kuongeza kitu, hata picha na maneno aliyoyaacha yakajitokeza mahali pale pale yalipochapwa. Kule Edinburgh, mwaka 2011, msanii asiyejitaja jina aliacha sanamu za karatasi kwa siri katika maktaba na nyumba nyingine za sanaa. Ya kwanza ilikuwa mti uliosimama juu ya kitabu, na aliuacha katika maktaba ya ushairi ukiwa zawadi ya kuziunga mkono maktaba. Ninaupenda mti huo kwa kuwa aliyeutengeneza aliyasoma kwanza maandishi aliyoyakata.

Hilo ndilo ninalolijaribu kwa Fumo Liyongo. Utendi wake maarufu ulitungwa mwaka 1913 na Muhamadi Kijuma wa Lamu, mtu aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa mbao kwa pamoja, na hutokea nikiinamia meza yangu nikafikiri kuwa kwake kalamu na patasi hazikuwa kazi mbili. Nimechagua pale ambapo Liyongo, akiwa amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye uta na kukata roho katika hali hiyo. Watu wanakosa maji kwa siku kadhaa kwa kuogopa maiti wanayemdhania hai.

Kisima ndicho kilichonipa furaha kubwa. Nilikibana kitabu kati ya mbao mbili, nikapaka kingo gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji, nikaiacha ikauke usiku kucha, kisha nikachimba duara kwa wembe, kurasa tatu tatu, maana ukikata nyingi kwa pamoja karatasi hukwaruzika badala ya kukatika. Rangi ilibadilika kadiri nilivyoshuka: kingo za kurasa zilikuwa za manjano kama chai ya maziwa kwa kupigwa na mwanga, na katikati zilikuwa bado nyeupe. Kina cha kisima kilijichora chenyewe. Chini kabisa nilikuta zoezi la ufahamu, na neno "maji" likiwa peke yake mwishoni mwa mstari. Sikuligusa.

Uta bado unanishinda. Karatasi ya vitabu hivi ina mkondo wake: ukiikunja kuufuata hutii, ukiikunja kinyume huvunjika, na uta unataka kupinda bila kuvunjika. Nimeshatupa sita. Leo usiku nitachana kurasa ziwe nyuzi nyembamba na kuzisuka tatu tatu, kama wasukaji wa mikeka wanavyosuka ukindu, nione kama zitaweza kushika mvuto wa kamba.